Mume wa Mama

Wiki iliyopita mliniacha getini na ufagio mkononi, na mwanaume wa baiskeli amesimama mbele yangu akisema yeye ndiye mjomba wa Huruma. Tutaanzia hapo hapo.

Lakini kwanza nimalizane na wanaonitumia ujumbe wa simu. Kuna dada mmoja wa Nachingwea ameniandikia nimrudishe mtoto wa watu nikazae wangu, eti umri bado unaruhusu. Dada, ahsante. Ukishamaliza kunipangia tumbo langu, kapange la kwako.

Kwa mgeni wa hadithi hii, mambo yako hivi.

Mimi ni Justa, muuza spea za baiskeli na pikipiki hapa Masasi mjini. Mume wangu, Felician, anafundisha Kiswahili sekondari. Sote ni watu wa Bukoba, tuliletwa huku na ajira yake. Hatukujaliwa mtoto, na mama mkwe wangu hajachoka kunikumbusha kwa simu, utadhani mimi nimesahau. Kwa kuwa sikuwa na mtoto wa kuitiwa, mtaa ulinipa jina la Mama Spea.

Uani kwetu alipanga binti wa Makote, kule Newala, aliyeitwa Faudhia, na mtoto wake mchanga Huruma. Baba wa mtoto, Alfredi wa Chiungutwa, alikuwa ameshatokomea. Faudhia akaugua, akafa. Msibani Makote mama yake, akiwa amekaa chini hana nguvu hata ya kulia, alinishika mkono akaniambia, "Kaa naye." Nikarudi Masasi na Huruma mgongoni. Sasa anakimbia, anaimba, anakataa dagaa, na mtaa mzima unaniita Mama Huruma. Sijawahi kupewa cheo kikubwa kuliko hicho, wala sitaki kingine.

Felician ndiye aliyetaka mambo ya sheria. Alitaka mtoto mwenye jina lake, ili ndugu zake wa Bukoba wasije wakamwita wa kuokota. Tukaenda kwa Gwakisa, afisa ustawi wa jamii, Mnyakyusa wa Tukuyu anayevaa tai hata jua la kuanikia korosho likiwaka. Akatuandika walezi wa kambo kwanza, yaani wa muda, akawa anakuja nyumbani kutuchungulia: chumba cha mtoto, choo, mpaka masufuria. Hatimaye akasema tumefaulu, ila shauri haliwezi kwenda Mahakama Kuu kule Mtwara mpaka baba mzazi aridhie. Tukamsaka Alfredi mpaka tukampata. Ukoo wake ulikula mbuzi wetu mzima, ukafuta midomo, ukaridhia, na yeye akaridhia.

Nikajua yamekwisha. Nikaanza hata kumshonea Huruma gauni la kwendea kwa jaji.

Ndipo akaja huyo wa baiskeli.

"Mimi Hamudi," alisema. "Faudhia ni dada yangu, tumbo moja. Nilikuwa Msumbiji, msiba wake nimeusikia huko huko. Nimekuja kumwona mpwa wangu."

Nilimtazama kuanzia juu mpaka chini. Tairi la nyuma la baiskeli yake lilikuwa limefungwa kwa mpira wa ndani, mizunguko kwa mizunguko. Mtu wa kazi yangu akiona tairi hilo anajua mwenye nalo amekuja kuomba kitu. Nikampa kiti cha plastiki, kile chenye ufa.

"Nasikia mnampeleka mtoto mahakamani," alisema.

"Hatumpeleki kama mwizi. Tunataka awe wetu kisheria. Baba yake ameshakubali."

"Baba yake nani?"

"Alfredi."

Hamudi akacheka, tena kicheko cha mtu anayefurahi kweli. "Alfredi yule aliyekuja kuoa kwetu, akalima shamba la mama msimu mmoja, mgongo ukamuuma akaondoka? Huyo ndiye kawapa mtoto?"

"Ndiye baba mzazi."

"Mama Spea, sikiliza. Kwetu mtoto ana mama, ana bibi, ana mjomba. Baba ni mume wa mama. Akiondoka, anaondoka na shati lake. Mtoto siyo shati lake."

"Kwetu Bukoba mtoto ni wa baba," nikamwambia, na nilisema kwa sauti ya kumfundisha.

"Kwenu Bukoba," alijibu. "Huku umefika kwa basi."

Maneno hayo yalinikata maini. Huruma akatoka ndani mbio, mdomo umejaa uji. Hamudi akainama, akamsemesha Kimakonde polepole, maneno machache. Mtoto akamtazama, kisha akanigeukia mimi nimsaidie, kama anavyofanya akiletewa kitu asichokijua.

Hamudi akanyanyuka. Kicheko chote kilikuwa kimemwisha usoni.

"Njooni Makote," alisema. "Ukoo utakaa. Msipokuja, nitakwenda mwenyewe huko Mtwara kwa huyo jaji, nimwambie mtoto ana wenyewe."

Akapanda baiskeli yake ya viraka akaondoka. Uji wa Huruma ulinidondokea miguuni na sikuusikia.

Asubuhi yake nilikuwa mlangoni kwa Gwakisa kabla hajafungua dirisha.

"Ndugu Gwakisa, hivi mjomba ana kauli gani kwenye jambo hili?"

"Mjomba?" Akavua miwani. "Sheria inataka ridhaa ya mzazi. Mama amefariki, baba yupo, na baba ameridhia. Mjomba ni ndugu kama ndugu wengine."

"Kwa hiyo hana neno."

"Sijasema hivyo, Mama Huruma. Ripoti yangu lazima ieleze ndugu wa mtoto wanasemaje. Jaji akisimamishiwa mjomba mbele yake, atauliza kwa nini upande wa mama haukusikilizwa. Shauri linaweza kulala miaka, au likakataliwa kabisa."

"Na wewe kwa nini hukuwasikiliza?"

Akashika tai yake, akaivuta kidogo. "Unajua, kwetu Tukuyu, ukishampata baba..."

"Kwenu Tukuyu," nikamwambia, "na kwetu Bukoba. Hapa ni wapi?"

Akarudisha miwani usoni. Na mimi sikuwa na haki ya kumuuliza, kwa maana nilikuwa mjinga kama yeye. Mtu niliyemwachia mkono wangu msibani alikuwa mama yake Faudhia. Aliyeniambia "kaa naye" ni yeye. Ilipofika zamu ya kuomba ridhaa, nikampita kama kisiki, nikaenda kuchinja mbuzi kwa watu ambao hawakuwahi hata kumnunulia Huruma soksi. Watatu sisi, mwalimu, afisa na mfanyabiashara, wote tumekaa kusini miaka na miaka, na hakuna aliyefikiri kuuliza watoto wa huku ni wa nani.

"Nendeni mkakae nao," Gwakisa alisema. "Wakiridhia, mniletee kauli yao. Wasiporidhia, mniambie mapema."

Felician aliipokea safari hiyo kama mkaguzi wa shule. Akavaa koti. Akaandaa hotuba, akaisoma mbele ya kioo akijipa pumziko mahali pa kupumzika.

"Watu wa vijijini," aliniambia, "ukiwapa maneno yenye uzito, wanatulia."

Mimi nilichukua matairi mawili mapya ya baiskeli, yale magumu, nikayafunga kwa kamba. Nilishajua bei ya Hamudi, nikajiona mjanja.

Makote walitupokea vizuri, nitakuwa mwongo nikisema vingine. Ulikuwa msimu wa mabibo ya korosho, kijiji kizima kinanukia. Bibi yake Huruma alinikalisha kwenye mkeka pamoja na wanawake, akanipa maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati. Anayejua shida ya maji ya Newala anajua kikombe hicho kilikuwa na maana gani. Huruma wakamchukua watoto wenzake, akapotelea nyuma ya nyumba.

Felician hawakumkalisha na wanaume wa ukoo. Walimwekea kigoda pembeni, karibu na banda la kuku. Niliona shingo yake inavimba ndani ya kola.

Nilimsogezea Hamudi matairi.

"Ya nini haya?" aliuliza.

"Zawadi. Nimeona la kwako limechoka."

Akayageuza, akayabinya kwa kidole gumba kama mtu anayejua tairi. Kisha akayarudisha miguuni kwangu.

"Mpelekee Alfredi. Yeye ndiye mtu wa safari."

Wanawake wakacheka wote, na mimi nikatamani mkeka unifunike. Nilikuwa nimemdharau mtu kwa tairi lake, naye akanirudishia dharau yangu ikiwa imefungwa kwa kamba yangu mwenyewe.

Felician akasimama. Akakohoa.

"Wazee wangu, shikamooni. Mimi na mke wangu tumefika hapa rasmi kwa nia moja tu. Tumekuja kuasili."

Mzee mmoja mwenye kofia, mjomba wa mama yake Faudhia, akaweka mkono sikioni. "Mmekuja nini?"

"Kuasili, mzee."

"Mmeshawasili, baba. Si ndiyo tumewapa na maji."

"Siyo kuwasili, mzee wangu. Kuasili. Tumekuja kumwasili Huruma."

Mzee akamtazama bibi, bibi akanitazama mimi.

"Kumwasi?" mzee aliuliza. "Mtoto huyu mdogo mnataka kumwasi? Kawakosea nini?"

Mtu mwenye akili timamu angeliacha neno hilo hapo hapo, akasema tunataka kumlea. Lakini mimi nimeolewa na mwalimu wa Kiswahili. Neno likipinda mbele yake hawezi kulala mpaka alinyooshe.

"Naomba niwafafanulie," alisema, na kidole chake kikapanda hewani kama yuko ubaoni. "Kuasili linatokana na neno asili. Maana yake mtoto anakuwa wetu kana kwamba ndiyo asili yake tangu mwanzo."

"Na asili aliyokuja nayo huyu ntoto," bibi aliuliza taratibu, "hiyo mnaiweka wapi?"

Nilimkazia macho Felician anyamaze. Lau kama wangemkalisha karibu yangu ningemkanyaga mguu. Lakini alikuwa kule kwa kuku.

"Hiyo kisheria inakoma, mama," alisema. "Jaji akishatoa amri, uhusiano wa zamani unafungwa. Mtoto anapata cheti kipya. Anaitwa Huruma Felician."

Akakaa, ameridhika.

Sijui Kimakonde, ila najua watu wakikasirika. Wote walizungumza kwa pamoja, wanawake zaidi. Mmoja aliuvuta mkeka niliokalia. Niliuliza wanasema nini, na Hamudi akanitafsiria bila kupandisha sauti.

"Wanasema mmekuja kumzika Huruma, na mwenyewe anacheza hapo nyuma."

Niliona safari yote imekwisha: yule mtoto atabaki hapa leo leo, na mimi nitarudi Masasi na matairi mawili na mume mwenye koti, nikawe tena Mama Spea. Sikuwa na hotuba. Nikamgeukia bibi.

"Mama, siku ya msiba uliniambia nini?"

"Nilikuambia kaa naye."

"Nimekaa naye. Meno yameota mikononi mwangu. Alipougua surua sikufungua duka, nililala naye kifuani mpaka mimi mwenyewe nikanuka homa. Sijui maneno ya mahakamani yanavyotamkwa huku kwenu. Ninachojua, mkimchukua leo, mimi sina mahali pa kurudi."

Nililia. Mimi siyo mtu wa kulia mbele za watu, waulize mafundi baiskeli wote wa Masasi, lakini nililia kwenye mkeka wa watu na kamasi zikanitoka.

Bibi aliinuka akaingia ndani, na wenzake wakamfuata, Hamudi na yule mzee nao pia. Walikaa huko. Felician akanisogelea.

"Unajidhalilisha," alininong'oneza. "Unaombaje kitu ambacho sheria imeshatupa?"

"Sheria ipi, Felician? Ile uliyoizika sasa hivi?"

Walipotoka, bibi alikuwa na khanga mkononi, kuukuu, imefuliwa mpaka maandishi yamefifia. Akanifunga kiunoni, akavuta fundo mpaka likabana. Nilijua ilikuwa ya nani. Faudhia alikuwa akiianika kwenye kamba ya uani kwangu.

Hamudi ndiye aliyesema.

"Sisi hatuwezi kumtoa mtoto wa dada yetu akaenda kuwa mtu wa ukoo mwingine. Hilo halipo, hata jaji aje hapa na gari lake. Lakini mwanamke tunaweza kumwingiza. Faudhia ameondoka, mahali pake pako wazi. Mama anasema wewe ndiye uliyekaa. Basi tunakuweka hapo. Kuanzia leo wewe ni dada yangu, na Huruma ni mwanao, na mimi ni mjomba wake kama nilivyokuwa. Kamwambie huyo mwenye ofisi, sisi tumekubali."

Ilinichukua muda kuelewa. Nilikuwa nimekwenda Makote kuasili mtoto, na wale watu walikuwa wameniasili mimi. Kwa miaka yote nimewaita washamba, watu wasiojua mtoto ni wa nani, na katika familia zote mbili nilizo nazo, ya kuzaliwa na ya kuolewa, hakuna iliyowahi kuniwekea mahali. Bibi akanishika kidevu. "Mama Huruma," alisema.

"Na mimi?" Felician aliuliza.

Watu wakageuka. Nadhani walikuwa wamemsahau.

"Wewe ni mume wa mama," Hamudi alimwambia kwa upole. "Karibu sana. Ukija msimu ujao utatusaidia kuokota korosho."

"Nauliza kwenye hukumu. Jina langu litakaa wapi?"

"Halitakaa. Mtoto tumempa mama. Jina la mwanaume tulishaliweka mara moja, ukiuliza hapa Alfredi yuko wapi hakuna anayejua. Andikeni la mama peke yake."

Felician alifunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, akatoka kwenda barabarani. Matairi yangu niliyaacha pale pale. Safari hii sikumpa mtu, niliyaegemeza ukutani kwa mama yangu mpya, kama mtu anavyoacha kitu kwao.

Nyumbani Felician alisubiri Huruma alale.

"Hivi unataka nimwambie nini mama?" aliniuliza. "Nimpigie simu nimwambie mwanao ameolewa Makote?"

"Mwambie ana mjukuu."

"Mjukuu wa nani? Asiye na jina langu? Mimi Felician nilishe, nivishe, nisomeshe, halafu niitwe mume wa mama? Niokote korosho?"

"Huruma anakuita baba. Asubuhi tu alikuimbia."

"Anaweza kuniita hata askofu. Kinachohesabika ni kilichoandikwa."

Nilimtazama mtu huyu niliyesafiri naye nchi nzima kutoka ziwani mpaka mpakani. Nilidhani miaka yote hii alikuwa anatafuta mtoto. Kumbe alikuwa anatafuta mahali pa kuandika jina lake. Dharau niliyokuwa nikiwagawia watu wa Masasi bure, kila mtu kidogo kidogo, niliikusanya yote usiku ule nikampa yeye peke yake, na ilimtosha.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba asubuhi Huruma alimkimbilia, naye akambeba mabegani kama siku zote, wakaimba wimbo wao wa herufi. Angekuwa baba mbaya ingekuwa rahisi.

Tukaenda kwa Gwakisa wote wawili. Nilimweleza yaliyotokea, khanga na yote. Alisikiliza akiwa ameshika tai.

"Mahakama haijui habari ya kuwekwa mahali pa marehemu," alisema. "Lakini haina haja ya kuijua. Ukoo umeridhia, hilo nitaliandika. Mke anaweza kuwa mwombaji peke yake, na jina la mtoto mnapendekeza wenyewe. Ridhaa ya Alfredi tutaichukua upya."

"Alfredi ataridhia chochote chenye mbuzi," nikasema.

"Jambo moja limebaki." Akamgeukia Felician. "Mwombaji akiwa na mume, mahakama itataka kusikia mume ameridhia. Mwalimu?"

Felician alikuwa anaangalia nje dirishani, upande wa milima ya mawe.

"Andika mume hakuridhia," alisema.

Gwakisa akaweka kalamu chini. "Mwalimu, ukisema hivyo ombi la mama linakufa hapa hapa."

"Lile la kwetu wawili lipo."

"Lile upande wa mama wanalipinga. Na kuna kitu lazima mkijue. Mtoto huyu bado yuko kwenu kwa malezi ya kambo tu. Kama nyumba imegawanyika, nalazimika kuandika kwamba imegawanyika, na nikiandika hivyo, hatabaki. Atarudi kwa bibi au atapelekwa kwa walezi wengine."

"Basi nyumba isigawanyike," Felician alisema. "Mke wangu aache ukaidi, tuendelee na lile la kwanza, huyo mjomba atachoka mwenyewe. Hana hata tairi."

Nilimsikia nikakumbuka kwamba mimi ndiye niliyemfundisha kusema hivyo. Khanga ya Faudhia nilikuwa nimeivaa ndani ya gauni, fundo linanibana tumboni.

"Gwakisa," nikasema, "na mwanamke asiye na mume, anaruhusiwa kuomba?"

"Anaruhusiwa. Akiwa na umri unaotakiwa, na mwenendo mzuri, na mahali pa kumlea mtoto. Wapo."

Felician akacheka, kicheko kile kile anachowacheka wanafunzi wake. "Unamuuliza ya nini hayo? Wewe una mume. Ndoa yetu imefungwa kanisani, Bukoba, mbele ya padri, na ndoa ya kanisani haivunjwi na mtu."

Nilimgeukia Gwakisa na kuuliza kwa sauti ile ile ninayomuulizia mteja saizi ya mnyororo anaoutaka.

"Hiyo mahakama ya kuvunja ndoa, na yenyewe iko Mtwara, au hata hapa Masasi ninaipata?"